Chozi Juu ya Tawi la Mkole

Paukwa.

Pakawa.

Nimwage au nimeze?

Mwaga, tuokote.

Haya, okoteni basi, na asiyeokota asiseme hakupewa.

Hapo kale, ukingoni mwa mwitu mmoja ulioungua, aliishi Sange. Kama hujawahi kumwona sange, si kosa lako. Ni kamnyama kadogo, mfano wa panya aliyevutwa pua, na pua yenyewe haitulii. Inanusa huku, inanusa kule. Miguu yake ni myembamba kama njiti. Lakini kwa kufagia, hana mwenzake. Kila asubuhi Sange alitoka, akaondoa majani makavu njiani kwa miguu ya mbele, fya, fya, fya, mpaka njia ikawa safi kama ya mtu anayengoja wageni.

Wageni wenyewe hawakuwapo.

Mumewe alichukuliwa na mwewe mchana kweupe. Watoto walipokua wakaenda kila mmoja na mwitu wake. Kisha moto ukaja, vichaka vikateketea, na ndege nao wakahama. Jioni Sange alipiga mguu chini, ta-ta-ta, ta-ta-ta, kama sange wote wanavyoitana. Akisha akatega sikio. Kimya. Siku moja alitoka nje akajisemea, "Hodi," akaingia ndani akajijibu, "Karibu," kisha akaona haya, ingawa hapakuwa na wa kumwona.

Ndipo akasema moyoni, "Nitapanda maua. Maua yakichanua, chozi atakuja." Chozi ni yule ndege mdogo anayeng'aa, mwenye mdomo uliopinda, anayenyonya maua. "Chozi akija, na vipepeo watakuja. Wakija, nitakuwa na watu."

Akaenda kando ya barabara, akaokota mbegu za maua makubwa mekundu yaliyoletwa kutoka mbali. Akapanda. Yakachanua, yakapendeza. Hakuja hata nzi.

Konokono alikuwa akipita. Alikuwa anapita hapo tangu juzi.

"Mwanangu," Konokono akasema, "haya maua nani anayajua hapa?"

"Ni mazuri, Mzee Konokono."

"Sikuuliza kama ni mazuri. Hata kama umetandika meza, mgeni atakula asichokijua? Panda mkole. Panda mkwamba. Hivyo ndivyo vichaka vya hapa. Mama zao hao ndege walilelewa humo."

Sange akang'oa yale mekundu. Akavuka bonde kutafuta mbegu, akarudi nazo shavuni, moja kulia, moja kushoto. Akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Akapanda mikwamba mitatu na mkole mmoja. Kipepeo mmoja aliyepotea njia akataga mayai humo, akaenda zake. Viwavi wakaanguliwa, wakatoboa majani. Sange hakuwafukuza. "Kuleni," akawaambia, "lakini mkishaota mabawa msinisahau."

Vichaka vikakua. Vikatoa matumba ya maua. Zilibaki siku chache tu vichanue, na Sange alikuwa mlangoni anakula mchwa wake, aliposikia ndu. Ndu. Ndu.

"Hodi."

Ni muda gani hajasikia neno hilo? Kabla hajainua hata macho, akajibu, "Karibu."

Alikuwa Nyati. Mkubwa, mweusi, pembe zake kama nira.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Umesema karibu?"

"Nimesema."

"Basi nimekaribia."

Akashusha kichwa kwenye vichaka. Mkwanyu, mkwanyu, mkwanyu. Matumba yakaisha, na majani, na ncha za matawi.

Sasa nyinyi mnajua. Mtu akikukuta unakula, unamwambia karibu, naye anakujibu, ahsante, nimeshiba. Hata kama hajala tangu jana. Ndivyo tulivyolelewa. Nyati hakulijua jibu hilo.

Vichaka vikachipua tena, vikatoa matumba tena. Ndu, ndu, ndu. Hodi. Karibu. Mkwanyu, mkwanyu, mkwanyu. Na mara ya tatu hivyo hivyo. Kila mara Sange aliapa kwamba safari hii hatajibu, na kila mara akisikia hodi, ulimi ulimtangulia.

Mara ya nne mvua zilikuwa zinakatika. Vichaka vyote vinne vilijaa matumba, na Sange alijua kuwa vikiliwa sasa havitachipua tena mwaka huo. Chozi wangepita juu, wasishuke. Mwaka mwingine mzima wa kufagia njia isiyopitwa na mtu. Kwa hiyo Nyati alipomaliza mkwamba wa kwanza, Sange akajikaza, akasema,

"Bwana Nyati, bonde zima lina majani. Niachie haya yachanue. Namngoja chozi."

Nyati akacheka mpaka majani yakamtoka mdomoni. "Unangoja chozi? Wenzako wote wanalikimbia."

"Chozi ndege, Bwana Nyati."

"Haya, tuwekeane ahadi, jirani. Vimebaki vitatu. Nitakula kimoja kila siku, na mkole nitaumalizia, maana ndio mtamu. Lakini siku chozi likitua juu ya tawi la juu la mkole, nikaliona kwa macho yangu, sitagusa tena jani lako hata moja." Akacheka tena. Alijua kuwa pasipo maua, chozi haji.

Pua ya Sange ikasimama. Ile pua isiyotulia, ikatulia tuli.

"Umesema likitua, Bwana Nyati, au akitua?"

"Likitua, akitua, kuna tofauti gani? Mimi nina pembe, sina haja ya sarufi."

"Chagua moja basi, Mzee Konokono asikie."

"Likitua. Haya, nimesema likitua. Konokono, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Konokono, ambaye alikuwa bado anapita.

Nyati alipoondoka, Sange akalia. Kulia kwake kulikuwa karibu, hakukuhitaji kutafutwa. Lakini machozi ya sange hudondokea wapi? Chini, kwenye majani makavu. Tawi la juu la mkole liko mbali. Akaruka, akalia hewani, hayakufika. Lilihitajika chozi la mtu mrefu.

Kesho yake akatafuna pilipili kichaa, akaipaka kwenye majani ya mkwamba wa pili, huku yeye mwenyewe akipiga chafya, chwi, chwi, chwi. Nyati akaja. Hodi. Karibu. Mkwanyu, mkwanyu. Akatulia kidogo, akalamba midomo.

"Leo umetia kiungo," akasema. "Ungeongeza na chumvi." Akaenda zake, macho makavu.

Kesho kutwa Sange akaleta upupu, ule unaowasha mpaka mtu akataka kuvua ngozi. Akautandaza kwenye mkwamba wa tatu. Nyati alikuwa ametoka kugaagaa matopeni, na matope yamemkauka mwilini kama plasta ya ukuta. Akala, akajisugua humo.

"Nasikia kama kuna mtu ananikuna," akasema. "Ahsante, jirani. Wewe una roho nzuri." Akaenda zake.

Ukabaki mkole.

Jioni hiyo Sange akakaa kando ya Konokono. Hakupiga mguu. "Mzee," akauliza, "yule hana wenzake?"

"Alikuwa nao. Kundi zima lilikuwa lake. Vijana walipokomaa pembe wakamtoa. Sasa akiwasogelea wanainuka wote, wanampa mgongo."

"Na bonde lina majani."

"Bonde limejaa majani," akasema Konokono. "Lakini analivuka lote mpaka hapa, kwa vichaka vinne. Mimi ni mtu wa kwenda polepole, mwanangu. Nikienda polepole naona nani anakwenda wapi."

Sange aliutazama mkole muda mrefu.

Asubuhi akafagia njia, fya, fya, fya. Akaipanua kidogo, kiasi cha mwenye miguu mikubwa. Ndu. Ndu. Ndu.

"Hodi."

Safari hii Sange akangoja.

"Hodi," akasema Nyati tena, na sauti ikashuka.

"Karibu. Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Leo ni mkole."

"Ni mkole. Lakini siku zote hizi hatujasalimiana vizuri."

"Si umeniamkia?"

"Hiyo ni ya njiani. Ya nyumbani ni ndefu."

Nyati alikuwa ameshauinamia mkole, mdomo wazi, pua imegusa matumba. "Haya, salimia upesi."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Habari za tangu jana?"

"Njema."

"Habari za bondeni?"

"Njema."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wanakua?"

"Wanakua." Mdomo ukajifunga kidogo. "Nasikia wanakua."

"Na wenzako, wale mliokuwa mkilala mgongo kwa mgongo, hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wanakuulizia?"

Sote tumezoea kujibu njema, hata paa likiwa limeezuliwa. Lakini swali hilo halina njema yake. Nyati akalitafuta jibu, hakuliona.

Sange alikuwa amepanga la kusema baada ya hapo, akalisahau. Akasema tu lililokuwapo. "Mimi hakuna anayeniulizia. Jioni napiga mguu, ta-ta-ta, kisha natega sikio. Wewe, ukirudi kutoka mtoni, nani anakwambia umechelewa?"

"Hakuna," akasema Nyati.

Maji yakamjaa jichoni. Yakakusanyika, yakaning'inia kwenye kope, yakakataa kuanguka, kisha yakaacha kukataa. To. Juu ya tawi la juu la mkole, katikati ya matumba.

"Limetua," akasema Konokono.

"Nini kimetua?"

"Chozi. Juu ya tawi la juu. Umeliona kwa macho yako, maana ndimo lilimotoka."

"Mimi nilisema ndege," akasema Nyati.

"Ndege ni akitua. Wewe uliulizwa, ukachagua likitua. Nilikuwapo."

Nyati akamtazama Konokono, akautazama mkole, mwisho akamtazama Sange pale chini.

"Ulikuwa unanisalimia," akauliza, "au ulikuwa unanitega?"

Sange akaona haya, pua ikamtetemeka. "Vyote viwili," akasema.

Nyati akafunga mdomo. Hakugusa hata jani. Akageuka, ndu, ndu, ndu, mpaka ndu ikawa ndogo, ikaisha.

Baada ya siku tatu mkole ukachanua, manjano matupu. Chozi akaja, tena si mmoja, wakaja watano. Viwavi waliojificha shinani nao walikuwa wameota mabawa, wakatoka na ndugu zao. Kichaka kikajaa rangi na sauti, tswi, tswi, tswi.

"Karibuni," akasema Sange. "Karibuni sana."

Wakanyonya. Wakagombana wao kwa wao. Wakaondoka, wakarudi, wakanyonya tena. Chozi hasemi hodi. Kipepeo hasemi hodi. Wala hapana aliyetazama chini kuona nani alifagia. Sange alikaa kivulini kwao kutwa nzima, akifurahi, maana walikuwa wazuri kweli. Aliwahesabu, akawapa majina. Jua liliposhuka wakaruka wote, kila mmoja na mwenziwe, na mkole ukabaki na maua yake.

Akapiga mguu, kwa mazoea tu. Ta-ta-ta.

Akatega sikio.

Ndu.

Akadhani amesikia vibaya. Akapiga tena. Ta-ta-ta.

Ndu.

Mwishoni mwa njia, pale alipoishia kufagia, alisimama mtu mkubwa mweusi, hajavuka mpaka.

"Hodi," akasema Nyati.

"Karibu," akasema Sange.

"Ahsante. Nimeshiba."

Jibu lile lilikuwa geni mdomoni mwa Nyati, na alilisema vizuri.

"Karibu hivyo hivyo," akasema Sange. "Ila usiwe karibu sana. Pumzi zako zinaangusha maua."

Nyati akapiga hatua moja, akasimama. Sange akatoka, akaanza kumfagilia pa kulala, na palikuwa pakubwa, fya, fya, fya, mpaka giza likaanza kuingia. Alipochoka akauliza, "Habari za tangu siku ile?"

Nyati akafikiri.

"Si njema sana," akasema. "Na zako?"

Nimemwaga, mmeokota. Kilichobaki chini ni cha kuku.

Na funzo lake mnalijua, lakini nitalisema, maana hadithi bila funzo watu hudai warudishiwe muda wao. Mpweke asipande kitu. Asifagie njia, asijibu hodi, na mtu akija asimwulize habari kwa kirefu, atapata mgeni asiyeondoka. Akae ndani kimya, atakuwa salama kabisa. Na mwenye pembe, kabla hajaapa, ajifunze ngeli.

Konokono yeye bado anapita.