Paka Aliyemkaribisha Chui

Nisikilizeni, wanangu. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, saa ya magharibi. Mlango wa Bi Mwanakheri ulikuwa umezindikwa: mnyama wa mwitu hapiti mpaka aliye ndani aitikie hodi yake. Bi Mwanakheri alikuwa anasali. Rukia, mwanawe, amelala mkekani.

"Hodi, binamu!" chui akaita.

Paka wa nyumba akanyamaza.

"Hodi! Jana si tulicheza pamoja?"

Akanyamaza.

"Hodi! Au sisi wa porini tunanuka?"

Paka akaona haya. "Karibu, binamu."

Chui akaingia, akambeba Rukia.

"Mwenzangu, huyo mtoto wetu!"

"Wenu. Kwangu ni chakula."

Mama alipotoa salamu ya kumaliza sala, mkeka ulikuwa mtupu. Alizunguka msitu mzima akiita, akarudi na ushanga wa Rukia tu.

Ewe Mola, mrehemu Rukia, umlaze mahali pema. Amina.