Gitaa la Chumba cha Mashuka

Nyoka akiingia ndani, hakungoji ukumbuke fimbo yako umemwazima nani. Atapita chini ya kitanda, atajikunja kwenye kona anayoitaka, nawe utabaki unaisifu fimbo nzuri iliyoko mtaa wa pili. Ndiyo maana ikasemwa kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka: shida iliyokukalia nyumbani huondolewa kwa kile kilicho karibu nawe. Methali hii kila mtu anaijua. Watoto huiandika shuleni wakapewa alama, wakubwa huitaja vikaoni wakatikisa vichwa. Dobi mmoja wa hotelini naye aliijua tangu utotoni, na bado ilimbidi avimbe vidole kwanza ndipo imwingie.

Dobi huyu alifanya kazi ya kupiga pasi katika vyumba vya chini vya hoteli, kule ambako wageni hawafiki na mvuke hautoki. Kutwa alisimama. Jioni miguu yake ilikuwa mizito kama ya kuazima. Lakini uchovu wa miguu alikwisha kuuzoea; uliomkalia rohoni ni wa nyumbani, kwa mumewe.

Mumewe aliitwa Nyuzi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwapo, ila hata mama yake mzazi alikwisha kulisahau, kwa jinsi mtoto alivyong'ang'ania gitaa tangu angali mdogo. Nyuzi alipiga gitaa harusini na kufundisha vijana wa mtaani, mpaka asubuhi moja kiharusi kilipompiga akiwa anavaa viatu. Upande wa kulia ukafa ganzi na ulimi ukagoma. Mkono wa kushoto ulibaki mzima, na akili ilibaki timamu, kwani ukimsimulia jambo la kuchekesha macho yake yalicheka. Lakini neno hakutoa hata moja tangu siku ile.

"Usikate tamaa, mama," muuguzi wa zahanati alimwambia dobi. "Nimewaona wagonjwa ambao maneno yamegoma, lakini wimbo ukatoka. Mwimbieni kitu anachokipenda. Sauti ikishapata njia, huenda na neno likafuata."

Dobi akapiga moyo konde, akaimba. Wifi yake, dada mkubwa wa Nyuzi, aliyehamia pale ili amtazame mgonjwa mchana, alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Wifi yangu, nakupenda," alisema. "Ila ukiendelea hivyo, hata mimi niliye mzima nitapoteza kauli."

Wakajaribu redio. Nyuzi akageuza uso. Dobi alijua mumewe anataka wimbo gani. Ulikuwa wimbo aliomtungia yeye walipokuwa wachumba, na Nyuzi hakuwahi kuuimba bila gitaa, hata mara moja, hata kwa kuombwa. Basi kama ni huo, lazima mtu apige gitaa, na mtu mwenyewe ndiye yeye.

Shida ilikuwa sikio la Nyuzi. Mtu yule alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa uzi unaokoroma. Mwanafunzi akibonyeza vibaya, uzi ukatoa ule mkwaruzo wa nyuki aliyenaswa chupani, Nyuzi hakugomba. Aliinuka akatoka nje, akarudi kukiwa kimya. Dobi alikwisha kuwaona vijana wakubwa wakilia kwa sababu ya mlango ule. Sasa nikamkwaruzie mgonjwa wangu gitaa lake mwenyewe, alijiuliza, na hawezi hata kuinuka atoke? Si nitakuwa nimemmalizia?

Kwa hiyo alfajiri moja Nyuzi akiwa usingizini, dobi alilitungua gitaa kutoka msumarini, akalifunga shuka, akaenda nalo kazini. Akalificha chumba cha kuhifadhia mashuka, nyuma ya rafu. Kila wenzake walipokwenda kula, yeye aliingia humo, akafunga mlango, akajifunza. Mwalimu wake alikuwa shemeji, mdogo wake Nyuzi, aliyekuwa akifanya kazi nchi za mbali na kumfundisha kwa kumtumia sauti kwenye simu.

"Vile vidole vitatu ukivipanga pamoja, shemeji, tunaita kodi," ilisema simu. "Usishtuke, siyo ile ya nyumba. Wimbo wa kaka una kodi tatu tu. Ukizishika hizo, umemaliza."

Dobi alipanga vidole kama alivyoelekezwa, kila kimoja kati ya vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Akapiga. Uzi mmoja ulikoroma, wa pili ulitoa sauti ya mlango mbovu, wa tatu haukusema kitu. Akajirekodi, akatuma.

"Inakoroma," shemeji alijibu. "Hapo hujakandamiza. Kandamiza."

Neno hilo dobi alilielewa kuliko neno lolote. Kazi yake ilikuwa kukandamiza. Mkunjo mkaidi katika shuka hauombwi; unaegemewa na pasi mpaka ukubali. Akaishika shingo ya gitaa kama mpini wa pasi, kidole gumba kikiwa kimepanda juu, akaegemea nyuzi kwa nguvu zake zote. Vidole vikamwaka moto. Uzi ukakoroma vilevile, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

"Kandamiza zaidi," ilisema simu siku ya pili.

"Nakandamiza, shemeji. Vidole vimechubuka."

"Vumilia. Vikiota sugu hutasikia tena."

Akajikaza kisabuni. Sugu zikaota kweli, na chini ya sugu maumivu yakaendelea na shughuli zake. Kulikuwa na siku alizokaa juu ya furushi la mashuka na gitaa mapajani bila kupiga chochote, amechoka mpaka machozi hayatoki. Alitamani kuacha. Kisha alikumbuka ule mdomo uliofungwa nyumbani, akaanza upya.

Na nyumbani hali ilikuwa inazidi kuharibika. "Leo amekula vijiko viwili, akaziba mdomo," wifi alimpasha mlangoni. Siku nyingine: "Leo hakutaka hata kuketishwa. Kalala ameelekea ukutani." Yale macho yaliyokuwa yakicheka yaliacha kucheka. Dobi akimshika mkono, mkono ulibaki umelegea tu ndani ya wake. Alijua ugonjwa unamla, na kwamba akichelewa, wimbo utamkuta mtu asiyeweza kuusikia. Hofu hiyo ilimrudisha kwenye mashuka kwa kasi zaidi. Akakandamiza mpaka kidole cha kati kikatoa damu.

Ni kidole hicho kilichomponza. Alishindwa kuinua pasi haraka, ikaacha alama ya kahawia mgongoni mwa shati jeupe la mgeni. Msimamizi, mama mnene mwenye maneno machache, alikiangalia kidole, akaangalia shati, akaelekea bila kuuliza chumba cha mashuka, alikokuwa akisikia mikwaruzo. Akarudi na gitaa.

"Kumbe ndipo mashuka yanapoimbiwa," alisema. "Mama, una mgonjwa nyumbani na mimi nina wageni. Leo nenda mapema. Na hili nenda nalo, nisilione tena hapa."

Dobi alirudi nyumbani jua likiwa bado kali, gitaa begani, halina hata shuka la kulifunika. Alipoingia, wifi aliyekuwa akikunja nguo aliganda, nguo mkononi.

"Kumbe lipo?"

"Lipo. Lingekuwa wapi?"

"Sisi tulijua umeliuza."

"Sisi nani?"

Wifi akaelekeza kidevu kitandani. "Toka lilipoondoka anautazama ule msumari. Asubuhi anautazama, mchana anautazama. Mimi nikasema moyoni, hali ngumu, wifi kauza, si vyema kumuuliza mtu jambo la aibu. Na yeye atauliza kwa mdomo gani?"

Dobi akalishusha gitaa begani. Kumbe haukuwa ugonjwa. Mumewe alikuwa amelala pale siku zote hizo akiamini kwamba mkewe amekwisha kumhesabu na wafu, na vitu vyake vimeanza kwenda. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake. Akaketi ukingoni mwa kitanda, upande wa ule mkono mzima.

"Mume wangu, sikuliuza. Nilikuwa najifunza wimbo wetu. Nilijificha kwa sababu nakuogopa. Wewe na hilo sikio lako."

Nyuzi aligeuka taratibu kutoka ukutani. Alilitazama gitaa, akamtazama mkewe, na machozi yakamshuka mpaka masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali. Wifi akajifanya anakunja nguo ambayo alikwisha kuikunja.

"Basi nipige?" dobi akauliza.

Nyuzi alifumba macho na kuyafumbua, ndiyo yake ya siku hizi. Dobi akapanga vidole, akakaza meno, akaegemea nyuzi kama alivyofundishwa. Uzi ukakoroma. Uso wa Nyuzi ulikunjamana kama wa mtu aliyeng'ata mchanga, na dobi akaondoa mkono haraka.

"Unaona? Ndiyo maana."

Lakini ule mkono wa kushoto ulikwisha kuinuka. Ukamshika mkono wake na kuurudisha pale pale kwenye shingo ya gitaa. Kwanza Nyuzi alikivuta kidole gumba kilichopanda juu, akakishusha nyuma ya shingo. Kisha akakigusa kidole cha kwanza, akaitazama kucha, akamtazama dada yake.

"Mkasi," alisema wifi, kama mkalimani. "Na mimi niliona kucha hizo, nikadhani ni urembo."

Kucha zikakatwa hapo hapo. Nyuzi akavisimamisha vidole vya mkewe kwa ncha, maana vilikuwa vimelala na kuzigusa nyuzi za jirani. Halafu akafanya kitu kidogo ambacho simu haikuwahi kukisema. Alikisukuma kila kidole mbele, kutoka katikati ya nafasi kilipokuwa kimezoea kukaa, mpaka kikawa ubavuni mwa chuma, karibu kabisa na kukigusa. Mwisho akamgongagonga kiganja kwa upole, kwamba alegeze.

"Nilegeze? Si ndiyo itakoroma zaidi?"

Akagongwa tena. Akalegeza. Akapiga.

Sauti ilitoka safi. Ilijaa chumbani, ikakaa, ikaisha yenyewe. Dobi alitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Havikuuma hata nusu ya siku zote.

"Yaani ni kwa upana wa punje moja ya mchele?" alisema polepole. "Damu yote ile, ni kwa punje moja ya mchele?" Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akawa analia, na hakujali nani anamwona.

Simu ikalia mkobani. Ilikuwa sauti ya shemeji: "Vipi leo, shemeji? Unakandamiza?"

"Mwambie akandamize huko huko aliko," alisema wifi. "Huku tuna mwenyewe."

Wala si kwamba shemeji alikuwa mbaya. Alisema alichokisikia, na kutoka alikokuwa, kidole gumba hakionekani, kucha haionekani, na nafasi kati ya kidole na chuma haisikiki. Alitoa alichokuwa nacho.

Tangu hapo dobi alijifunzia kitandani. Alirudi kazini kama kawaida, akasimama kutwa, akarudi nyumbani na miguu yake ya kuazima, akaketi upande wa ule mkono. Alikoroma sana. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa Nyuzi kukoroma bila mwalimu kutoka nje, na wifi alisema hiyo ndiyo faida pekee ya kiharusi aliyoiona. Nyuzi akaanza kula. Vidole vikapona. Kodi ya kwanza ikakubali, ya pili ikafuata, ya tatu ikasumbua kwa sababu ilitaka kidole kidogo kinyooke, na kidole kile kilikuwa kimepinda kwa miaka ya kushika pasi. Nyuzi alikinyoosha kila jioni kwa subira ambayo vijana wa mtaani hawakuwahi kuiona kwake.

Ikafika jioni ambayo dobi aliweza kuhama kutoka kodi hadi kodi bila kusimama. Hakuutangaza wimbo. Alianza tu, taratibu, kwa mwendo wa mtu aliyetoka kazini. Akazunguka mara ya kwanza, akazunguka mara ya pili. Kifua cha Nyuzi kikainuka. Kikatoka kitu kama pumzi, kama kikohozi, kikatafuta njia kooni, kisha kikawa sauti, mbovu, yenye kutu, ikiimba maneno aliyoyatunga akiwa kijana:

"Mlango u wazi, ingia taratibu..."

Wifi aliketi chini sakafuni, hapo hapo alipokuwa. Dobi hakuthubutu kusimamisha mkono wala kugeuza kichwa. Alihisi akipumua tu sauti ile itakimbia. Machozi yalimtiririka mpaka shingoni na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Kwa kulia kule, kidole kidogo kikarudi nyuma kidogo, na uzi ukakoroma.

Wimbo ukakatika. Nyuzi alikunja uso. Midomo yake ikahangaika, ikakusanyika upande mmoja, na neno la kwanza tangu asubuhi ile ya viatu likatoka, halikuimbwa bali lilisemwa, kwa sauti ya mwalimu aliyechoshwa na mwanafunzi wake.

"Sogeza."

Dobi akasogeza kidole mpaka ubavuni mwa chuma, akapiga tena, na mumewe akaendelea kuimba pale alipoachia. Basi aliye na nyoka ndani na atazame kwanza kilichoegemea kitanda chake mwenyewe, kwa maana kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka.