Samaki Waliokula Kiapo

Hapo zamani, wakati watu wa mji wa Shungi walipokuwa wakisadiki kila neno lililotoka kasrini, na kasri lenyewe halitoi kitu kingine ila maneno, alikuwako mchota maji jina lake Faki Mbwarali. Mali yake yote ilikuwa mitungi miwili, mti wa kuichukulia begani, na mke aitwaye Mwanshehe, ambaye alimpenda kupita kiasi.

Kazi ya Faki ilikuwa kuchota maji ya bahari na kuyapeleka katika birika la Sultani Shamlani, uani mwa kasri. Birika hilo lilikuwa na samaki wa kila rangi, wadogo kwa wakubwa, wakiishi pamoja. Au tuseme wakipigana pamoja, kwa kuwa haikupita siku ila mmoja kanyofolewa pezi na mwingine katolewa jicho. Mkorofi wao alikuwa chewa mmoja mnene, kipenzi cha Sultani, aliyepewa jina la Jemadari.

Siku moja wakaja wageni wa ng'ambo. Sultani alipokuwa akiwaonyesha birika, akapita changu mmoja hana mkia, anakwenda kombokombo.

"Huyu," akanena Sultani, "ni wa aina adimu sana. Huzaliwa bila mkia."

Faki alikuwa kando akimimina maji, na ulimi wake haukuwahi kumsikiliza hata siku moja. "Maulana, mkia alikuwa nao mpaka jana alasiri. Sasa anao Jemadari, tumboni."

Wageni wakacheka. Sultani uso ukamwiva.

"Ewe mchota maji! Kwa kuwa wewe ndiwe mjuzi wa samaki wangu, basi utawasuluhisha. Ijumaa, baada ya sala, nataka wale kiapo cha amani mbele ya kadhi. Hakuna kumtoa samaki, hakuna kumwua, hakuna kumfunga. Wasipokula kiapo, au wakila kisha wakapigana kabla jua halijachwa, utatiwa chomboni ukatupwe ng'ambo, na mkeo hutamwona tena."

Ikawa Sultani huyu alipenda viapo kuliko wali. Mwezi uliopita watu walipogombea mtama sokoni hata wakapasuana vichwa, na ghala za kasri zimejaa mtama zimetiwa makufuli, aliwakusanya wote uwanjani wakala kiapo cha kutopigana. Kesho yake wakapigana tena, naye akasema raia wake hawana dini.

Basi Faki akarudi kwake. Viboko angevistahimili, na kifungo pia, lakini kutengana na Mwanshehe hakuliweza hilo. Akamweleza habari yote, chozi likimlengalenga.

"Wale kiapo?" akasema Mwanshehe. "Wana bahati hao, mume wangu. Samaki wa kasri nao wana cha kula. Sisi tangu jana asubuhi hatujala hata hicho kiapo."

Faki akafuta chozi. Akakumbuka jinsi samaki walivyokuja juu mbio, midomo wazi, kila kivuli chake kilipoanguka majini, wakagombania hata jani kavu. Akamkumbuka msimamizi wa birika, Bwana Rubea, ambaye kila asubuhi alipokea jikoni kapu la mkate wa dagaa kwa ajili ya samaki. Alikuwa mtu mpole, hana ugomvi na mja yeyote, ana kitambi cha kupumzishia mikono, na ndevu zake hazikosi chembe za mkate. Hapo Faki akaanza kucheka peke yake, hata mkewe akamhofia akili.

Asubuhi akaenda kasrini, akaomba pishi mbili za unga na kibaba cha dagaa.

"Vya nini?" akauliza Sultani.

"Vya wino, Maulana. Wino wa makaratasi hufutika majini."

Sultani akaamuru apewe, asije akapata kisingizio. Nusu ya wino huo Faki na mkewe wakaula siku ileile, kwa mchuzi wa kuomba kwa jirani. Nusu ya pili Mwanshehe akaikanda pamoja na dagaa waliopondwa, akaifinyanga herufi mojamoja na nukta zake, akazioka.

Ijumaa ikawadia, ua ukafurika watu. Faki akazipanga herufi juu ya sinia, na kadhi akasoma kwa sauti, kwa haya nyingi: "Sisi samaki wa birika hili twaapa kutong'atana." Kisha Faki akalipindua sinia birikani.

Maji yakachafuka. Jemadari akala "sisi samaki" peke yake, changu asiye na mkia akapata "twaapa", na visamaki vidogo vikagawana "kutong'atana" hata haikubaki nukta.

"Wamekula kiapo, Maulana," akasema Faki.

"Ule ni mkate!"

"Kadhi kausoma, nao wameula. Maulana alisema wale. Angalitaka waseme, angalisema waseme."

Kadhi akakuna kidevu, akakiri kwamba kwa upande wa lugha hana la kupinga.

"Jua bado halijachwa," akasema Sultani, akaagiza kiti, akakaa ukingoni kungojea vita. Faki naye akakaa, macho hayabanduki kwa Jemadari. Alasiri ikaja ikapita. Jemadari alikuwa amejilaza chini ya jiwe, tumbo limemtuna, na changu akapita mbele ya pua yake mara tatu asimtazame. Jua likachwa, na Faki akashusha pumzi iliyomkaa kifuani tangu siku ile ya wageni.

"Ajabu!" akanena Sultani. "Kiapo kimeshika! Kitadumu muda gani?"

"Mpaka kesho asubuhi, Maulana. Kila kukicha yapasa wale kingine."

"Lakini mimi huwatolea kapu zima la mkate kila siku!"

"Najua, Maulana. Hivyo ndivyo vilivyokuwa viapo vyao, ila yuko aliyekuwa akiwalia." Akamgeukia Bwana Rubea, aliyekuwa amesimama kando ya birika. "Mtazame. Katika kasri zima, kuna mtu mwenye amani kama huyu?"

Bwana Rubea akazifuta ndevu, lakini alikuwa amechelewa. Watu wakaangua kicheko, na Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka. Akampa Rubea mitungi ya Faki, na Faki usimamizi wa birika, akasema, "Omba na zawadi utakayo."

Faki akawatazama watu wa ua ule, mashavu yamewabonyea. "Sina haja yangu, Maulana. Ila hawa walipokula kiapo uwanjani mwezi uliopita, nami nilikuwapo. Sikumwona hata mmoja akitafuna."

Kicheko cha Sultani kikakatika. Akatazama birika, akatazama watu, akainamisha kichwa kwa aibu; kisha akafungua kiunoni funguo za ghala, akampa Faki mkononi.

Kesho yake mji mzima wa Shungi ukala kiapo, wengine mara mbili, na mwaka huo hakikupasuka kichwa cha mtu. Nami ninayewasimulia nilikwenda mbio nipate changu, nikakuta zimebaki nukta.