Firigisi ya Sultani

Hapo zamani za mbiu na majoho, Sultani Muhidini wa Mwangaja alitoa sheria kwamba mtumishi wake atakayepokea chochote kutoka kwa raia atakatwa mkono uliopokea. Mwaka ukapita, haukukatwa mkono hata mmoja, naye Sultani akafurahi mno, akatangaza kuwa rushwa imekufa. Masikini ya Mungu, aliamini.

Basi siku moja alipokuwa akijisifu barazani, mtu mmoja akacheka. Alikuwa Mbaruku, msuka mikeka, fukara asiye na kitu ila jogoo mmoja na ulimi mrefu.

"Wacheka nini, ewe Mbaruku?"

"Namcheka maiti, Bwana wangu. Amekufa, na kila siku ananenepa."

Sultani akaghadhibika. "Basi kesho baada ya adhuhuri niletee mla rushwa mmoja, pamoja na ushahidi. Nawe upite milango yote minne ya sheria, kama raia yeyote. Ukishindwa, ulimi huo nitaukata."

Watu wakamsikitikia, maana milango hiyo ilishikwa na bawabu, karani, hakimu na waziri, na wote wanne walikuwa kitu kimoja: alichopata huyu, yule ana fungu lake. Ungemshitaki nani kwa nani?

Asubuhi Mbaruku akamchinja jogoo wake, roho ikimuuma, akampika kwa manjano mengi kupita kiasi, akamtia bakulini, akafunika kwa kawa. Akashika njia.

"Huu ni ushahidi wa kesi ya rushwa, naupeleka kwa Sultani," akamwambia bawabu.

Bawabu akafunua, akanusa. "Na mimi je?" Akang'oa paja. Karani akasema muhuri haugongwi hivi hivi tu, akachukua paja la pili. Hakimu, mtu wa heshima zake, akala kidari chote huku akimuuliza Mbaruku kama anaijua adhabu ya mtoa rushwa. Waziri akaamuru firigisi iwekwe kwenye kisahani, akaingia nayo ndani.

Ikawa baada ya adhuhuri, Mbaruku akafunua bakuli mbele ya baraza. Mchuzi na mifupa.

"Ushahidi uko wapi?"

"Ulikuwa kuku mzima, Bwana wangu. Umeliwa na sheria njiani. Lakini watazame vidole."

Wale wanne wa milangoni wakaitwa, wakaamriwa kunyoosha mikono. Bawabu, manjano. Karani, manjano. Hakimu, manjano hadi kifundoni. Waziri peke yake mikono ilikuwa safi.

"Alhamdulillahi!" akasema Sultani. "Walau waziri wangu ni mwaminifu."

"Na firigisi, Mheshimiwa Waziri?" akauliza Mbaruku kwa upole.

Waziri akapiga magoti. "Bwana wangu, mimi sikuigusa! Firigisi ni ya mkubwa. Nilikuletea kwenye chakula chako cha mchana, kama nifanyavyo siku zote. Nawe ukaisifu."

Sultani akavitazama vidole vyake, kisha taratibu akauingiza mkono ndani ya joho.

"Ulimi wako ni wako, Mbaruku," akasema kwa sauti ndogo. "Nenda zako."

"Na jogoo wangu, Bwana?"

Kesho yake mbiu ikalia mji mzima, ikasomwa sheria mpya: tangu leo, watumishi wote wa Sultani wale kwa kijiko.