Mtama Aliouzika Mama Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, jembe lilipokuwa bado halijapata jina, wanyama wote waliishi kwa kuokota. Sheria ilikuwa moja: kilichookotwa ni cha wote, na mkubwa hula kwanza.

Tembo alikula kwanza. Ngiri alifuata. Mama Kindi na wanawe wanne walipata maganda.

Kindi alizoea kufukia punje za mtama ili Tembo asizione. Msimu mmoja alisahau alipozifukia. Mvua iliponyesha, mahali pale pakaota mtama. Hakumwambia mtu.

Alikwenda kwenye baraza la wanyama akaomba atolewe kwenye mgawo. Alieleza kwamba kuanzia siku hiyo hataki hata ganda. Yeye na wanawe watakula kile tu atakachofukia ardhini.

Ngiri alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Kindi, njaa imekupanda kichwani? Chakula hutiwa tumboni, wewe unakizika kama maiti?"

"Nakizika, bwana Ngiri. Ila muape kwamba nitakachozika ni changu peke yangu."

Tembo alifikiria matumbo matano yatakayopungua kwenye mgawo. Akapiga mguu chini, puu! "Naapa. Alichozika ale mwenyewe." Wote wakapiga miguu.

Ikabaki kazi, na kindi hana nguvu za kupindua udongo. Alimwendea Ngiri akamlalamikia kwamba uwanja anaotaka kupanda umejaa ndago, yale magugu ambayo ngiri hawezi kuiona mizizi yake akaacha kuila. Ngiri akapiga magoti, akaufukua uwanja wote kwa pua na meno. Alipomaliza kula, aliacha udongo laini usio na gugu.

Kwa Tembo alipeleka onyo: asithubutu kuchafua uwanja ule. Tembo hapendi kuamriwa na mtu anayemfikia kwenye ukucha. Kila asubuhi alipita pale akaangusha kinyesi, pwaa, akaondoka akitabasamu. Kindi alinung'unika mpaka Tembo akaenda zake, kisha akakitandaza.

Siku ya kupanda, watoto walilia kwa njaa huku mama yao ameshika punje alizovuna kwenye ule mtama ulioota. Kitinda mimba akaomba moja tu.

"Hizi haziliwi, mwanangu," Kindi alisema. "Hizi tunazituma zikawalete wenzao."

Walikula majani machungu kwa miezi mitatu.

Kiangazi kilipoingia, mwitu ulikauka. Uwanjani kwa Kindi masuke yaliinama kwa uzito. Tembo akaja, Ngiri nyuma yake.

"Mkubwa hula kwanza," alisema Tembo.

"Cha kuokotwa, Mzee Tembo. Hiki nimekizika. Mguu wako ndio ulioapa."

Tembo akautazama mguu wake. Akatazama chini, akaijua samadi yake. Ngiri naye akazijua alama za meno yake. Safari hii hakucheka.

Kindi aliwalisha. Lakini siku hiyo watoto wake ndio waliokula kwanza, na Tembo alisubiri mwishoni mwa mstari, mkonga umekunjwa. Alipotaka kuondoka alipewa punje za kujaza ncha ya mkonga.

"Hizi nizifanyeje, Mama Kindi?" aliuliza kwa adabu.

"Uzizike," alijibu Kindi. "Ngiri atakuonyesha kuchimba, mimi nilimfundisha bila yeye kujua."

Basi shikeni hili, wanangu: nguvu hupata cha leo, akili na subira hupata cha mwaka mzima.