Habari ya Nchi Iliyo Mbali Kupita Uchina

Hapo zamani, wakati habari zilipokuwa zikitembea kwa miguu na kila moja ikiingia mjini na vumbi lake, palikuwa na mji uitwao Ungamani, na mtawala wake akiitwa Sultani Fumo Makame. Sultani huyu hakupenda dhahabu kama wenziwe, wala hakupenda vita. Alipenda habari za dunia. Basi kila Ijumaa baada ya sala watu walikusanyika barazani, na Mzee Shahame, mpiga mbiu wa mji, akashika pembe yake na kutangaza aliyoyaokota kwa wasafiri: Uchina malkia amejifungua mapacha, Rumi mawaziri wawili wamegombania kofia, Hindi tembo amegoma kumbeba mfalme. Sultani akawa analia kwa misiba ya watu asiowajua na kucheka kwa harusi asizoalikwa.

Na ilikuwapo kanuni moja barazani: aliyeshika pembe hakatizwi mpaka aitue. Kanuni hii aliitunga Sultani mwenyewe, kwa kuwa mawaziri wake walikuwa na tabia ya kukohoa alipokuwa akisema, na kikohozi cha waziri kina maneno ndani yake.

Sasa, nyuma ya ukuta wa baraza palikuwa na kisima, ambapo wanawake wa mtaa wa Ukutani walikuwa wakiteka maji. Na mwanamke atekaye maji hanyamazi. Anyamaze kwa nini, kisima ni msikiti? Siku moja, katikati ya habari ya mazishi ya mfalme wa Uchina, kikapanda kicheko kutoka kisimani mpaka jina la marehemu likapotea. Sultani akaghadhibika, akaamuru kisima kipigwe kifuniko cha mninga na kufuli la shaba. "Kwa leo tu," akasema, "nipate kusikia maiti amezikwaje." Akauning'iniza ufunguo kiunoni, kando ya jambia lake.

Mazishi yakaisha. Sultani akaenda kulala. Akasahau.

Ikawa mwaka, ikawa wa pili, ikawa wa tatu. Wanawake wa Ukutani wakawa wanashuka bondeni kuteka maji ya chumvi kwenye dimbwi wanamooga punda. Mkubwa akisahau, mdogo ndiye abebaye. Na wote waliokumbuka pale ikuluni wakajifanya wamesahau pia, maana kumkumbusha mkubwa ni kazi isiyo na mshahara.

Mwishowe Mzee Shahame hakuweza tena. Ijumaa moja alimaliza habari za ukame wa Misri, Sultani akatokwa machozi, naye mzee akaona mlango uko wazi. Akasema, "Na hapa kwetu, bwana wangu, kile kisima..." Lakini lo! Kwa mazoea ya miaka mingi alikwisha kuitua pembe. Watu wakamrukia kwa maneno kama kuku kwa mtama, na Sultani akanguruma: "Umechanganya habari za dunia na habari za ndoo! Mtieni ngomeni!"

Mzee huyu alikuwa na binti mmoja, Mwanamize, na mji mzima ukimwita punguani, kwa kuwa alilichukua kila neno kama lilivyotamkwa. Aliwahi kuambiwa na shangazi yake, Bi Chausiku, "Kaa hapa uangalie chungu," akakiangalia mpaka wali ukaungua. "Uliniambia nikiangalie, shangazi," akasema. "Nami sikupepesa jicho." Huyo ndiye aliyejitanda kanga yake ya pekee akaenda kumwombea babaye.

Akamkuta Sultani ameketi na Mwalimu Burhani, bingwa wa ufasaha, aliyewafundisha watoto wa mawaziri jinsi ya kusema mbele za watu. Mwalimu alikuwa na kanuni kwa kila kiungo: mguu usimameje, mkono uinuliweje, jicho lende wapi.

"Bwana wangu," akasema Mwanamize, "nimekuja kumtaka baba yangu."

"Babayo ameniletea habari za uani," akasema Sultani. "Mimi hapa nina habari za Sham, za Rumi, za Uchina. Mambo ya kisimani na yasemwe na wanawake kisimani."

"Kisima kimefungwa, bwana wangu. Wayasemee wapi?"

Mwalimu Burhani akacheka kwa pua. "Tazama asimamavyo! Kama kuku aliyenyeshewa. Na sauti hiyo! Bwana wangu, mtu asiyejua kusema hana la kusema."

Mwanamize akahisi uso ukimwaka, maana aliona kwamba huyu bwana angeweza kuambiwa nyumba yake inaungua, na angesahihisha kwanza pozi la mwambiaji. Sultani, aliyependa michezo, akapata wazo.

"Basi sikiliza, binti. Ijumaa ijayo utashika pembe ya babayo. Uniletee habari ya nchi iliyo mbali kupita Uchina, ambayo haijapata kunifikia. Iwe ya kweli, na uje na shahidi aliyetoka huko kwa miguu yake. Tena useme kwa kanuni zote za Mwalimu, neno kwa neno. Ukishindwa hata moja, babayo atauhama mji huu asirudi."

Mawaziri wakatazamana. Kupita Uchina! Huko hata ndege hakujui.

"Nimekubali," akasema Mwanamize. "Mwalimu na anipe hizo kanuni."

Mwalimu akajikohoza. "Simama wima. Usiseme 'nadhani'. Mtazame machoni unayemwambia. Na kubwa kuliko zote: usiwaogope watu. Waone wote walio mbele yako kuwa ni maboga."

"Wote?"

"Wote, hata mmoja asibaki!"

Mwanamize akamgeukia Sultani. "Nawe bwana wangu waithibitisha kanuni hiyo?"

"Naithibitisha," akasema Sultani, akicheka. "Haya, nenda kaone maboga."

Akatoka moja kwa moja hadi dirisha la ngome, akamweleza babaye. Mzee Shahame akashika nondo kwa mikono miwili.

"Mwanangu, umeniua. Kupita Uchina?"

"Hilo niachie mimi, baba. Mimi nnaogopa magoti. Nikisimama mbele ya wakubwa yanacheza ngoma."

Mzee akaguna. "Ndilo hilo tu? Mimi magoti yangu yamecheza miaka yote hiyo. Kanzu kazi yake nini? Yaache yacheze, kanga itayasitiri. Wewe usiishike sauti, lishike jambo. Jambo likikushika vizuri, sauti itakuja yenyewe kama mbuzi anayefuata jani. Na mwanangu..."

"Naam, baba."

"Usiitue pembe. Hata ukipigwa na radi, kufa nayo mkononi."

Ijumaa ikafika, na baraza ikajaa mpaka watu wakapanda ukutani. Mwanamize akaingia na shangazi yake, Bi Chausiku, miguu imejaa tope hadi magotini na mtungi kichwani. Hakuna mkubwa aliyemtambua. Nani kati yao aliwahi kumtazama mbeba maji usoni? Lakini huko nyuma, watu wa Ukutani wakaanza kubinyana mbavu.

Mwanamize akashika pembe. Magoti yakaanza ngoma yao, akayaachia. Akainua macho. Waziri mkuu: boga refu, limepinda shingo. Mwalimu Burhani: boga kavu, ukilitikisa linalia mbegu. Na pale juu ya kiti, chini ya kilemba na ndani ya joho la njano, boga kubwa kuliko yote. Kifua chake kikafunguka.

"Bwana wangu Sultani," akaanza, "iko nchi iliyo mbali kupita Uchina. Wenyeji wake ni wapole kupita kiasi, na wamelipia upole huo. Zamani walikuwa na kisima kitamu. Siku moja mtawala wao, mtu mwenye huruma kwa walimwengu wote, akakerwa na vicheko vya wanawake wake, akakifunga kwa kufuli. Akasema ni kwa siku moja. Siku hiyo haijaisha hadi leo."

"Loo!" akasema Sultani, na mkono ukaenda machoni.

"Tangu hapo wanawake wa nchi hiyo wanateka maji wanamooga punda. Shahidi wangu huyu ametoka huko kwa miguu yake, na maji yenyewe haya hapa."

Bi Chausiku akatua mtungi, akachota kata moja, akampelekea Sultani. Sultani akatia mdomo, akatema mpaka kwenye joho la waziri.

"Mja wa Mungu anakunywa haya?"

"Anakunywa, bwana," akasema Bi Chausiku. "Na kwa Ijumaa kama leo, tunamwondoa punda kwanza."

Mwanamize akauliza, "Bwana wangu, mtawala kama huyo afanyweje?"

Mawaziri waliokwisha kufahamu wakaanza kukohoa kwa pamoja, kohoo la dharura. Lakini Sultani akawanyamazisha kwa mkono, maana kanuni ni kanuni, na machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Na abebe mtungi kichwani yeye mwenyewe, kweupe, watu wakimwona, mpaka shingo yake ijue uzito wa maji! Mtawala gani huyo? Ufunguo uko wapi?"

"Uko kiunoni mwake, bwana wangu, kando ya jambia lake. Umeshika kutu, naye amesahau unafungua nini."

Baraza nzima ikatazama kiuno kimoja. Mwenye kiuno akawa wa mwisho kutazama. Akashusha macho polepole, akaushika ufunguo, kutu ikambaki vidoleni.

Ndipo Mwalimu Burhani akaruka juu. "Uongo! Huko ni Ukutani, nyuma ya ukuta huu! Kupita Uchina wapi? Jiwe likirushwa linafika!"

"Jiwe linafika," akasema Mwanamize, "lakini Sultani hakuomba jiwe. Aliomba habari. Habari ya Uchina hufika hapa kwa mwaka mmoja. Hii yetu imetoka nyuma ya ukuta miaka mitatu iliyopita, na leo ndiyo kwanza inaingia, tena imechelewa kwa kukamatwa njiani ikatiwa ngomeni. Basi ipi nchi iliyo mbali zaidi?"

Sultani akasimama, uso umemwiva. "Ewe binti! Umesimama mbele yangu, umenitazama machoni, umeniita msahaulifu mbele ya raia wangu. Hukuniogopa?"

Hapo magoti yaliomba ruhusa ya kukimbia. Mwanamize akaikumbatia pembe.

"Bwana wangu, ningekuogopa sana lau ningekuona. Lakini niliamriwa niwaone wote kuwa ni maboga, hata mmoja asibaki, nawe ukathibitisha. Mimi tangu nilipoingia naona maboga matupu. Na lile kubwa, la njano, ndilo lililonipa moyo. Nikasema, boga lenye uso wa huruma kama hili haliwezi kumfunga baba wa mtu."

Mtu mmoja ukutani akashindwa kujizuia, akacheka kwa pua. Sultani akamtazama Mwalimu Burhani, akamtazama waziri mwenye shingo iliyopinda, kisha akajitazama tumbo lake mwenyewe chini ya lile joho la njano. Tumbo likatikisika mara moja. Likatikisika tena. Kisha akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, na baraza nzima ikaangua nyuma yake.

"Mfungueni Mzee Shahame," akasema alipopata pumzi. "Na pembe hii, binti, ni yako wewe na babayo. Ila tokea leo, habari za Ukutani zije mbele, za Uchina zifuate. Nawe Mwalimu, nenda bondeni ukamfundishe punda kusimama wima."

Hapo ndipo Mwanamize akaitua pembe. Akageuka aondoke, lakini Bi Chausiku hakutikisika.

"Bwana wangu," akasema, "umehukumu, nasi tumesikia. Mtungi ndio huu."

Basi Sultani Fumo Makame akakifungua kisima kwa mkono wake, na ikawa siku ile watu waliona jambo ambalo wajukuu wao walikataa kuliamini: Sultani akipita mtaa wa Ukutani na ngata kichwani na mtungi juu yake, maji yakimchuruzika shingoni, na wanawake wamejipanga milangoni.

"Shingo, bwana, shingo!" akapiga kelele Bi Chausiku. "Usitazame chini! Unatuonea haya? Tuone maboga!"

Ijumaa iliyofuata, Mzee Shahame akiwa katikati ya habari za Rumi, kikapanda kicheko kutoka kisimani na kuimeza Rumi nzima. Mawaziri wakamtazama Sultani, na mmoja akanyoosha mkono kuliita kufuli.

Sultani akainua kidole. "Ngojeni kwanza," akasema. "Mwanamize, mwanangu, hebu chungulia utuambie: wanacheka nini?"