Aliyeshika Kamba

Aliyeshika kamba naye kafungwa. Mmemsikia shangazi yenu akiitamka, mkacheka, kisha mkanijia mbio kuuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe, acha kutafuna kucha, hii si hadithi ya kuchezea. Methali hii ilianza hivi.

Huko Mtondooni kulikuwa na bwana mmoja, Faki, mwenye shamba la minazi na ubishi usio na dawa. Ada ya watu wa huko ilikuwa hii: ukimkamata mwizi shambani, unamfunga mikono kwa kamba ya makumbi ya nazi, na ncha unaishika mwenyewe mpaka sheha, mkuu wa kijiji, afike. Ukiiachia, umesamehe, hudai tena.

Siku moja mchana Faki akamkuta mtu asiyemjua chini ya mnazi wake, ana madafu mawili. Hakukimbia. Alinyoosha mikono mwenyewe afungwe. Faki akafunga, akakaza, ncha akajizungushia kifundoni mwa mkono isije ikamponyoka, akamleta uani kwake. Sheha alikuwa amekwenda mazikoni kijiji cha pili, basi wakangoja. Yule mtu hakupepesa macho hata mara moja. Kuku wote wa uani wakatoka kimya kimya, mmoja nyuma ya mwenziwe, hawakurudi. Faki akaikaza ncha zaidi; aibu ya kuachia ilimzidi woga.

Ndani, mkewe Mize alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Mimba ya kwanza hiyo, baada ya miaka ya kuomba. Mkunga, Bi Kazija, alipoona mtoto hasogei, akaamuru kila fundo la nyumba lifunguliwe, kama ilivyo desturi, ili uzazi nao ufunguke. Nywele zikafumuliwa, magunia yakafunguliwa, mbuzi akaachiwa. Wapi! Mize akaanza kupoa miguu.

Bi Kazija akatoka uani, kanga imelowa jasho.

"Faki, kuna kitu hapa bado kimefungwa."

"Ni mwizi huyu, bibi. Namngoja sheha."

"Mkeo anakufa, mwanangu!"

"Nikimwachia, mji mzima utanicheka."

"Na wacheke! Utalea nini, minazi?"

Hapo Faki machozi yakamtoka. Akataka kuivua kamba mkononi mwake. Haikutoka. Ilikuwa imezama nyamani, mkono umevimba, vidole vimekuwa vyeusi. Akavuta, akang'ata kwa meno. Wapi.

Yule mtu akamtazama, akasema kwa mara ya kwanza, polepole, "Nani kamfunga nani, bwana?"

"Nifungue," Faki akalia. "Nakuomba kwa jina la Mungu, nifungue!"

Mikono ya yule mtu ikatoka kambani kama ambayo haikuwahi kufungwa. Akamvua Faki ile kamba taratibu, kama mama amvuavyo mtoto bangili. Mara ile ile, ndani, mtoto akalia.

Faki akageukia mlangoni. Alipotazama tena nyuma, uani hapakuwa na mtu. Kamba ilikuwa chini, na mafundo aliyoyakaza kwa mkono wake mwenyewe hakuna hata moja lililokuwa limefunguka.

Jioni sheha akafika. "Haya Faki, mfungwa wako yuko wapi?"

Faki akamwinulia ule mkono mweusi, ambao hadi kufa kwake haukushika tena jembe.

"Ndiye huyu, sheha. Aliyeshika kamba naye kafungwa."